Jibu la Waziri: Lugha ya Mambo ya Nje katika Maswali ya Bunge la Tanzania



1.0 Utangulizi

Nimepewa heshima ya kutoa mhadhara huu wa hadhara katika taaluma za Kiswahili, nami nimeamua kuzungumzia matini ambazo wanaisimu wetu wamezipita kando kwa muda mrefu. Tumechambua tenzi, riwaya, tamthilia, magazeti, matangazo ya biashara na hata maandishi ya kanga. Lakini Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansadi, tumewaachia wanahistoria na wanasayansi ya siasa, kana kwamba lugha iliyomo ni chombo tu cha kubebea habari na haina habari yake yenyewe.

Katika bahari hiyo kubwa ya matini nimechagua ghuba moja ndogo: maswali anayoulizwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya nje, na majibu anayoyatoa. Nimemchagua waziri huyu kwa sababu hali yake ya kimawasiliano ni ya pekee. Waziri wa maji akiulizwa juu ya kisima, anamjibu mbunge na wananchi wa jimbo lile. Waziri wa mambo ya nje akiulizwa juu ya mpaka, anamjibu mbunge, lakini maneno yake hayaishii ukumbini. Kabla jua halijatua yatakuwa yamekwisha kutafsiriwa katika balozi za nchi za kigeni na kupelekwa kwenye miji mikuu ya mbali. Ana wasikilizaji wawili wasiotaka kusikia jambo moja. Mbunge anataka ukali, na jirani anataka upole. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sidhani kama kuna kazi ya umma ambayo methali hiyo inaihusu zaidi.

Hoja yangu ni hii. Husemwa mara kwa mara kwamba majibu ya serikali ni mapana na hayashikiki kwa sababu Kiswahili hakina istilahi za kutosha za diplomasia. Nitajaribu kuonyesha kwamba kinyume chake ndicho kweli. Kiswahili kina zana nyingi mno za kusema kwa uangalifu, na upana wa majibu ni zao la utajiri huo. Upungufu upo, ila uko mahali pengine, nami nitaufikia katika sehemu ya sita.

2.0 Haki ya kuuliza na jina la wizara

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kifungu (e) cha ibara hiyohiyo kinalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Vifungu hivi viwili ndivyo msingi wa mazungumzo yote nitakayoyachambua. Cha kwanza kinampa mbunge ulimi, na cha pili kinaufanya ulimi huo uwe na nguvu ya kuifunga nchi.

Tukitazama Nyongeza ya Kwanza ya Katiba hiyo, inayoorodhesha mambo ya Muungano, jambo la pili katika orodha ni "Mambo ya Nchi za Nje". Kwa hiyo Zanzibar haina waziri wake wa mambo hayo, na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hawana waziri wa kumsimamisha na kumuuliza. Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 na kabla ya Muungano wa Aprili 26, 1964, Zanzibar ilikuwa na waziri wake wa mambo ya nje, Abdulrahman Mohamed Babu. Mjadala uliozuka Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, na kisha kujitoa Agosti 1993, ulikuwa kwa sehemu kubwa mjadala juu ya neno "nje": nje ya wapi, na nani mwenye mlango?

Jina lenyewe la wizara linastahili kuangaliwa. Tanzania imetumia "Mambo ya Nchi za Nje" na "Mambo ya Nje". Kenya imesikika zaidi ikisema "Mambo ya Kigeni" au "Mashauri ya Kigeni", na idhaa za Kiswahili za ng'ambo zikaufuata mkondo huo. Tofauti si ya matamshi. "Nje" ni neno la mahali. Hupimwa kwa ukuta wa nyumba. "Kigeni" ni neno la watu. Hupimwa kwa undugu. Jirani aliye nje ya nyumba yangu si lazima awe mgeni kwangu. Mnyakyusa wa Kyela anaishi ng'ambo ya mto Songwe kutoka kwa jamaa zake wa Malawi. Kwake yeye Malawi iko nje, lakini si ya kigeni.

3.0 Umbo la swali

Mwanafunzi anayesoma Hansadi kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba swali ni swali. Ukweli ni kwamba maswali ya wabunge yana maumbo machache yanayojirudia, na kila umbo hubeba dai lake kabla halijauliza chochote. Nitayataja manne.

Umbo la kwanza ni "Je, Serikali ina mpango gani wa...?" Hapa kuwepo kwa mpango kumechukuliwa kuwa jambo lililokwisha kukubaliwa, kinachoulizwa ni sifa zake. Waziri asiye na mpango hana nafasi ya kusema hapana bila kujiaibisha. Umbo la pili ni "Je, ni lini Serikali ita...?" Hili linachukulia kwamba uamuzi umekwisha kufanywa, kilichobaki ni tarehe. Umbo la tatu ni swali kanushi: "Je, Serikali haioni kwamba umefika wakati wa...?" Kiumbo ni swali, kimaana ni shutuma iliyovalishwa adabu, kwa kuwa asiyeona ni kipofu au amefumba macho kwa makusudi.

Umbo la nne ndilo la mambo ya nje hasa: "Nini kauli ya Serikali kuhusu...?" au "Serikali inatoa tamko gani?" Ukilitazama kwa makini utaona kwamba mbunge haombi tendo, anaomba neno. Mbunge anayemuuliza waziri wa ujenzi hawezi kuridhika na kauli, kwa sababu hakuna gari linalopita juu ya kauli. Katika mambo ya nje kauli mara nyingi ndiyo tendo lenyewe. Kuitambua nchi ni kusema kwamba unaitambua. Tanzania ilipoitambua Biafra Aprili 13, 1968, ikiwa dola ya kwanza kufanya hivyo, au ilipoitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara mwaka 1978, hakuna jiwe lililohamishwa. Neno lilisemwa na wenye mamlaka, na hali ya mambo ikabadilika. Kwa sababu hiyo, katika wizara hii waziri anayechagua neno anachagua tendo.

4.0 Umbo la jibu

Jibu nalo lina desturi yake. Kwa ajili ya uchambuzi nimetunga jibu la mfano, si la waziri yeyote, bali lenye viungo ambavyo kila msomaji wa Hansadi atavitambua:

"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge lenye sehemu (a) na (b) kama ifuatavyo. Serikali inatambua changamoto wanayoipata wananchi wetu wa mpakani na inaendelea kufanya mazungumzo na nchi jirani kwa njia za kidiplomasia. Suala hili litafanyiwa kazi, na matokeo yatatolewa taarifa pindi mchakato utakapokamilika."

Tuanze na nafsi. Anayesimama kusoma mara nyingi ni Naibu Waziri, kwa kuwa kazi ya waziri mwenyewe humtaka awe safarini. Aliyeandika ni mtaalamu wa wizara ambaye hayumo ukumbini. Mwenye jibu ni Waziri. Anayesemeshwa kisarufi ni Spika, ilhali anayejibiwa ni mbunge, naye hutajwa katika nafsi ya tatu ingawa ameketi mita chache kutoka hapo. Waswahili wa barazani wanaufahamu utaratibu huu wa kumsemesha mkubwa ili wa pembeni asikie. Hupunguza makali ya ana kwa ana. Lakini pia husababisha swali la kimaadili: kama wanaosema ni watatu, nani kati yao ameahidi?

Nafsi ya "mimi" hutokea mara moja tu, katika "naomba", kisha hutoweka. Kuanzia hapo kiima ni "Serikali", nomino inayoleta upatanisho wa i-: inatambua, inaendelea, imepokea. Ninawashauri wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wahesabu mahali ambapo waziri anatoka kwenye i- ya Serikali na kuingia kwenye tu- ya sisi, au ni- ya mimi. Mahali hapo pana jambo. Mara nyingi ni katika maswali ya nyongeza, ambapo karatasi imekwisha na mtu amebaki na ulimi wake.

Sasa tutazame njeo na kauli. "Inaendelea kufanya mazungumzo": kitenzi kisaidizi "endelea" kinadai kwamba jambo lilianza zamani, na kiambishi -na- hakionyeshi litakwisha lini. Kwa maneno matatu msemaji amejitetea kwa yaliyopita na amejiepusha na yajayo. "Litafanyiwa kazi" ni kitenzi kilichobeba kauli mbili kwa pamoja, ya kutendea na ya kutendwa. Kuna anayefanyiwa na hakuna anayefanya. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kumwondoa mtenda katika sentensi bila sentensi kuchechemea, na wasaidizi wa mawaziri wanaujua uwezo huo kuliko sisi tunaoufundisha. Mwisho, "pindi mchakato utakapokamilika" huifunga ahadi kwa kamba ya sharti ambalo hakuna aliyepewa jukumu la kulitimiza.

Je, haya yote ni hila? Nisingependa mwanafunzi aondoke hapa na jibu rahisi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi yake mwaka 1994. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe, Angola na Namibia walihifadhiwa na wengine kufunzwa katika ardhi ya Tanzania, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Katika miaka hiyo jibu la wazi mno lingeweza kuondoa uhai wa watu. Kunyamaza kulikuwa wajibu.

Tofauti ninayoitafuta, basi, haiko kati ya kusema na kunyamaza. Kuna ukimya unaojitangaza, na kuna ukimya unaojifanya kuwa jibu. Waziri anayesema "jambo hili liko katika mazungumzo na kwa sasa siwezi kulieleza hapa" amenyamaza kwa heshima. Mbunge anajua hajajibiwa, na anaweza kuuliza tena baada ya miezi sita. Waziri anayesema "litafanyiwa kazi" amempa mbunge kitu kinachofanana na jibu, na kwa kufanya hivyo amemnyang'anya swali lake.

5.0 Ngazi ya vitenzi

Diplomasia ni elimu ya daraja, na daraja hizo katika Kiswahili zimo katika vitenzi. Tukio moja lililotokea katika nchi nyingine linaweza kupokewa kwa vitenzi vifuatavyo, kuanzia chini kwenda juu: Serikali "inafuatilia kwa karibu", Serikali "ina wasiwasi", Serikali "imesikitishwa", Serikali "inakemea", Serikali "inalaani". Kila ngazi ina uzito wake, na waziri mzoefu haruki ngazi bila sababu.

Uzito huo haukutoka katika lugha za Ulaya. Umetoka ndani ya maisha ya Waswahili wenyewe. "Kukemea" ni neno la mkubwa kwa mdogo. Mzazi hukemea mtoto, mzee hukemea kijana, mwenye nguvu za kiroho hukemea pepo. Nchi inayoikemea nchi nyingine imejiweka katika nafasi ya ukubwa, na jirani anayejua Kiswahili ataisikia dharau hiyo hata kama tafsiri ya Kiingereza haikuionyesha. "Kulaani" kuna laana ndani yake. Ni neno ambalo katika nyumba zetu halitamkwi ovyo, kwa kuwa laana ya mzazi huaminiwa kumfuata mtu hadi kaburini. Lilipoingia katika lugha ya matamko lilipoteza sehemu ya moto wake kwa kutumiwa sana, lakini majivu bado yana joto.

Nomino nazo zina historia. Nchi zilizotupa misaada ziliitwa "wahisani", kutokana na ihsani, yaani wema usiodai malipo. Kadiri uhusiano ulivyoelezwa upya, neno "washirika wa maendeleo" likashika nafasi. Katika miaka ya 1970 na 1980 majibu ya bungeni yalijaa "ukombozi" na "nchi zilizo mstari wa mbele". Baada ya Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, ambayo toleo lake la 2024 lilizinduliwa Mei 2025, neno lililotawala ni "diplomasia ya uchumi", na pamoja nalo wakaja "wawekezaji", "fursa" na "masoko". Msamiati wa waziri umehama kutoka uwanja wa vita kwenda sokoni.

Neno jingine lenye ushahidi mkubwa ni "ughaibuni". Watanzania waishio nje wameuliza kwa miaka mingi, kupitia kwa wabunge, juu ya uraia pacha, ambao Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu kwa watu wazima. Mtu wa ughaibuni ni mtu asiyekuwepo. Mzizi wake ni uleule wa "ghaibu", kutoonekana. Linganisha na "diaspora", neno la kukopa ambalo halisemi kuwepo wala kutokuwepo, na ambalo Watanzania hao wenyewe wamelipendelea. Anayeomba haki huku akiitwa asiyekuwepo ameanza kesi yake kwa hasara. Serikali ilipokuja na wazo la "hadhi maalumu" badala ya uraia pacha, iliondoa neno "uraia" na kuweka neno "hadhi". Mabishano yote yaliyofuata yalikuwa juu ya pengo lililopo kati ya maneno hayo mawili.

6.0 Ziwa, ukingo na katikati

Sasa niwape mfano mmoja ambamo maneno yaligusa maji, samaki na watu. Agosti 2012, Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, Bernard Membe, alilizungumzia Bunge mjini Dodoma kuhusu mpaka wa Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa. Serikali ya Malawi ilikuwa imetoa leseni za kutafuta mafuta na gesi ziwani. Msimamo wa Tanzania ulikuwa kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, na kwamba utafutaji huo usimame hadi suala litatuliwe. Msimamo wa Malawi ulikuwa kwamba ziwa lote katika eneo hilo ni lake hadi ukingo wa mashariki.

Chanzo cha mgogoro ni matini. Mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, katika ibara yake ya kwanza, uliuelekeza mpaka ufuate kingo za ziwa za mashariki, kaskazini na magharibi hadi mdomo wa mto Songwe. Malawi ilisimama juu ya maneno hayo, na juu ya azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Azimio ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa. Tanzania ilijibu kwamba ibara ya sita ya mkataba uleule iliruhusu mistari kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali, na kwamba desturi ya sheria za kimataifa huugawa mpaka wa majini katikati. Ilikuwepo pia hoja ya jirani: kati ya Malawi na Msumbiji, mpaka unapita ndani ya ziwa hilohilo kufuatana na makubaliano ya Uingereza na Ureno ya mwaka 1954.

Tuyasikilize maneno. Kwanza, jina. Malawi iliyapata uhuru wake Julai 6, 1964, ikaliacha jina la Nyasaland, na ziwa nalo likaitwa huko Ziwa Malawi. Tanzania haikulifuata jina hilo. Kwa hiyo waziri anapotamka "Ziwa Nyasa" bungeni amekwisha kujibu nusu ya swali kabla hajafika kwenye kitenzi. Jambo la kupendeza kwa mwanaisimu ni kwamba "nyasa", katika lugha za mwambao huo, lina maana ya ziwa au maji mengi. Tukisema Ziwa Nyasa tunasema ziwa mara mbili. Neno lisilo na mwenyewe limekuwa bendera.

Pili, "ukingo". Neno la mkataba lingeweza kutafsiriwa ukingo, ufuo, ufukwe au mwambao, na maana zake hazilingani. Ukingo ni mwisho wa kitu. Ufuo ni eneo lenye upana, pale mitumbwi inapopandishwa na nyavu kuanikwa. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa majira na kwa miaka. Mpaka uliowekwa ukingoni unatembea. Mwaka wa mvua nyingi unaingia shambani kwa mtu. Wananchi wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay hawakuhitaji mwanasheria ili kuelewa maana yake. Kwa tafsiri hiyo, mama wa Kikisi wa Matema anayeshusha vyungu vyake kwenye mtumbwi kuvipeleka sokoni anakuwa amevuka mpaka mara kisigino chake kinapolowa.

Tatu, "katikati". Neno hili ni la haki katika fikira za Waswahili. Mgawanyo wa katikati ni mgawanyo wa ndugu. Aliyekata katikati hadaiwi. Waziri aliposema katikati hakutaja mstari wa kijiografia tu, aliita pia hisia ya uadilifu ambayo kila msikilizaji wa redio aliielewa bila kamusi. Hapa Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote wa istilahi. Kilimpa waziri neno ambalo lugha ya mkataba haikuwa nalo.

Baadaye suala lilipelekwa kwa usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Yuleyule ambaye Julai 2004 aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili. Lakini matini waliyokaa nayo mezani ilikuwa ya mwaka 1890, na haikuwa ya Kiswahili.

Na hapa ndipo penye upungufu niliouahidi. Mbunge anayeuliza juu ya ziwa anauliza kwa Kiswahili, na waziri anajibu kwa Kiswahili, lakini kile wanachobishania kimeandikwa kwa lugha nyingine. Ndivyo ilivyo kwa mikataba mingi inayoletwa Bungeni kuridhiwa. Azimio la kuridhia huandaliwa na kujadiliwa kwa Kiswahili, ilhali mkataba wenyewe umeambatishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwananchi, na mara nyingine mbunge mwenyewe, haupati mkataba. Anapata maelezo ya waziri juu ya mkataba. Hawezi kulipima jibu kwa kulilinganisha na chanzo chake, kwa kuwa chanzo kimefungwa. Upana wa jibu ungekuwa na madhara madogo kama msikilizaji angekuwa na matini ya kulishikia.

7.0 Yaliyofanyika na yaliyobaki

Isidhaniwe kwamba hakuna kilichofanyika. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, na tangu miaka hiyo ukumbi wetu umezoea lugha hii kiasi kwamba tumesahau kuwa ilikuwa hatua. Wenzetu wa Kenya walipitia njia ngumu zaidi. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni, wakaonekana wasemaji hodari wa Kiingereza wakipoteza ndimi zao kwa usiku mmoja; mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa. Katiba ya Kenya ya 2010 imevipa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya hadhi rasmi bungeni. Katiba hiyo pia iliwatoa mawaziri katika viti vya ubunge, na mwaka 2023 Kanuni za Bunge zikarekebishwa ili waje kujibu maswali ukumbini.

Nje ya mipaka, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019. UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani Novemba 2021. Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Ndani ya Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sifa hizi tunazifurahia. Lakini lugha iliyopewa kiti katika mikutano ya marais na ikanyimwa mkataba wa mpaka wa ziwa, bado haijafika nyumbani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba unaopelekwa Bungeni uambatane na tafsiri kamili ya Kiswahili, iliyopitiwa na wanaisimu na wanasheria kwa pamoja, ili "ukingo" na "ufuo" visichaguliwe na karani aliyeharakishwa. Pili, vyuo vyetu viunde kongoo ya Hansadi, kuanzia miaka ya 1960 hadi leo, ili mwanafunzi aweze kufuatilia safari ya neno moja, tuseme "kulaani" au "wahisani", kwa miaka sitini. Tatu, mafunzo ya wanadiplomasia wetu yawe na somo la balagha ya Kiswahili. Ofisa anayefundishwa kuandika waraka kwa Kiingereza peke yake atamwandikia waziri wake jibu la Kiswahili lililokufa kabla ya kusomwa.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali la mbunge lina dai lililofichwa, kwamba jibu la waziri lina sarufi ya kumwondoa mtenda, kwamba vitenzi vya diplomasia yetu vina mizizi katika malezi na imani zetu, na kwamba pengo kubwa haliko katika msamiati bali katika matini ambazo mwananchi hafikishiwi kwa lugha yake. Mwanaisimu hana kura bungeni. Lakini anao uwezo wa kumfundisha msikilizaji kutofautisha waziri aliyenyamaza kwa sababu na waziri aliyesema bila kusema. Taifa lenye wasikilizaji wa namna hiyo hupata mawaziri wanaopima maneno yao.

Wanafunzi wapenzi, Hansadi ziko maktabani, na nyingi kati yake sasa zinapatikana katika mtandao wa Bunge. Kafungueni kikao chochote, msome saa ya maswali, na kila mnapokutana na kitenzi cha kutendwa jiulizeni aliyetenda ni nani.